Mgonjwa Aliyegoma Kupona

Mjomba wangu amevunjika mguu mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hajawahi kuvunjika hata ukucha. Ameungua kwa mafuta, ameumwa na nyoka, amemeza vifungo vya shati, amepigwa na umeme, na amezama majini huku amelala kwenye sakafu kavu kabisa. Yote hayo kwa kujitolea. Yeye ni mgonjwa wa mazoezi wa chama cha huduma ya kwanza, yule anayelala chini ili wanaojifunza wapate mtu wa kumfunga bendeji, na jina lake la kila siku, ambalo hata mkewe humwitia, ni Mgonjwa. Ukipita karibu na kwao ukasikia, "Mgonjwa, njoo uhamishe hili kabati!", usishtuke. Ana afya kuliko wewe.

Mimi si mwanachama. Damu siiogopi, lakini watu wazima wakijipanga mstari na kupuliziana filimbi huwa nataka kucheka, na nikicheka sijui kuacha. Mimi ni fundi wa kuchonga maandishi: mihuri, vibao vya milangoni, vikombe vya mashindano, na kila mwaka nishani ambazo chama huwapa wanachama waliotumikia kwa muda mrefu. Duka lilikuwa la babu yangu, akamwachia mama, mama akaniachia mimi pamoja na macho mabovu. Kwa hiyo historia ya nishani hizo naijua nje ndani, na nitaisimulia hata kama hukuuliza.

Nishani ya kwanza ilikuwa kifuniko cha kopo la dawa ya kupaka. Mkunga aliyeanzisha chama hakuwa na kitu kingine, na alikuwa na wenzake waliofanya kazi naye miaka kumi na mitano bila mtu kuwaambia ahsante. Akatoboa vifuniko kwa msumari, akavitundika kwenye vipande vya bendeji, akawabandika vifuani. Kingo zilikuwa kali. Inasemekana sherehe nzima iliishia kwenye kufungana vidole, na kila mmoja aligombea kumhudumia mwenzake. Kesho yake mkunga akaja kwa babu kutafuta kitu kisicho na makali.

Babu akachonga za shaba kutoka kwenye vitasa vya milango chakavu. Mkunga alitaka ziandikwe KWA ALIYEHUDUMIA WAGONJWA BILA KUCHOKA. Sasa, babu alikuwa fundi hodari, lakini kupima kwanza hakukuwa katika tabia zake. Alianza na herufi kubwa za kujidai, akafika kwenye ALIYEHUDUMIA, shaba ikaisha. Mkunga akaigeuza geuza mkononi, akasema basi, hao wagonjwa wenyewe wanajijua. Tangu siku hiyo nishani zote zimeandikwa KWA ALIYEHUDUMIA, halafu kimya.

Baadaye bendeji ikawa utepe wa kweli, mweupe wenye mstari mwekundu. Zikaja pau, vile vijipande vya chuma vinavyopachikwa juu ya utepe kwa kila miaka mitano ya ziada, na mpishi mmoja wa hospitali alikusanya pau nyingi mpaka akawa anatembea upande upande. Ikaja pia amri ya kutovaa nishani kazini, baada ya ile ya dereva mmoja kunasa kwenye nywele za mama mjamzito, wakapelekwa hospitali wote wawili wakiwa wameungana. Hayo ndiyo mambo ninayoyachonga mimi. Watu hudhani kazi yangu inachosha.

Basi asubuhi moja Mjomba akaingia dukani amechana nywele. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

"Mpwa wangu," akasema, "mwaka huu unichongee na mimi."

"Nikuchongee nini, Mjomba? Muhuri?"

"Nishani."

Nikacheka. Kisha nikamtazama vizuri, nikaacha kucheka, na kwangu mimi hilo si jambo dogo.

Ni lazima nieleze. Mjomba na mkewe walijiunga na chama siku moja. Somo la kwanza lilikuwa la majeraha. Mkaza mjomba akashika bendeji kama aliyezaliwa nayo. Mjomba akaona picha ya kidole kilichokatwa, akaanguka chali. Mwalimu wa siku hiyo akasema msimwinue, tutamtumia papo hapo. Mkaza mjomba leo ndiye mkufunzi mkuu, ana nishani yenye pau hadi utepe hauonekani. Mjomba hajawahi kukosa somo hata moja katika miaka yote hiyo, na kazi yake imebaki ileile ya kulala chini. Nishani ya mkewe, yeye ndiye anayeing'arisha.

"Wajukuu waliniuliza babu anafanya nini kwenye chama," akasema, huku akichezea mihuri yangu. "Nikawaambia, nalala. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikacheka nao. Lakini usiku haukupita vizuri. Mimi nataka niitwe mara moja tu, nikiwa nimesimama, watu waambiwe kwamba na huyu naye alitumika."

Nampenda mzee huyu kupita kiasi, na nikimpenda mtu hasira zangu hukaa karibu karibu. Nikasema, "Wakikukatalia nitawachongea majina yote kinyume, yasomeke kwenye kioo tu."

Na kama vile ameitwa, mwenyekiti wa chama akaingia kukagua nishani za mwaka ule. Ni daktari wa meno aliyestaafu, mwembamba, mkavu, mwenye kawaida ya kumtazama mtu mdomoni badala ya machoni. Mjomba akasimama wima, akamweleza haja yake bila kuzunguka. Mwenyekiti akamsikiliza mdomo mpaka mwisho.

"Mgonjwa," akasema kwa upole wa mtu anayekaribia kung'oa jino, "nishani imeandikwa aliyehudumia. Wewe umehudumiwa."

"Tofauti yake nini?"

"W." Akaichora hewani kwa kidole, W kubwa. "Sisi tumehudumia. Wewe umehudumi-wa. Herufi moja, lakini ndiyo kila kitu."

"Haikuandikwa alimhudumia nani."

"Kila mtu anajua. Wagonjwa!"

"Na mimi nani?"

"Wewe ndiye wagonjwa!" Mwenyekiti alisikia mwenyewe alichosema, akakohoa, akachukua sanduku la nishani, akatoka. Nilitamani kumrushia kitasa. Mjomba alibaki akitazama mlango, akipima W hewani kwa kidole chake mwenyewe.

"W," akasema polepole. "Kumbe ni W tu."

Ningemjua vizuri zaidi, ningeshtuka pale pale.

Sherehe ilifanyika ukumbini, viti vimepangwa, jukwaa limetandikwa kitambaa cheupe ambacho mimi nilikitambua kuwa ni shuka za machela. Wanachama walijaa kwa sare zao, wenye nishani za zamani wakiwa wamezivaa. Mimi nilipewa meza pembeni ya jukwaa na kalamu yangu ya umeme ya kuchongea, kwa sababu mwaka uliopita majina mawili yalikosewa, na sasa ilikuwa kila mtu akipokea yake anakuja kwangu, anataja jina, naliandika nyuma mbele ya macho yake. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mkubwa serikalini, mwenye kofia pana na uso wa mtu anayewahi kikao kingine.

Kabla ya nishani lilikuja onyesho. Mjomba aliigiza fundi wa rangi aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. Alianguka vizuri mno, mgeni rasmi akapiga ukelele. Vijana wanne wakamkimbilia, wakamwita, wakamshika shingo, wakamfunga mguu kwenye gango la mbao, wakamfunika blanketi. Kila kitu sawa. Ilibaki neno moja tu. Chama hicho kina desturi yake, na ilianzishwa kwa ajili ya Mjomba, baada ya wanafunzi fulani kumfunga kama mzigo kisha wakaenda kunywa chai wakamsahau. Zoezi haliishi mpaka mgonjwa mwenyewe aseme "Nimepona." Kabla hajalisema, haachwi, harukwi, halianzi jingine. Wanachama wanalichukulia neno hilo kama askari anavyochukulia amri.

Vijana wakangoja. Mjomba kimya.

"Mgonjwa," kiongozi wao akanong'ona, "tumemaliza."

"Sijapona," akasema Mjomba, macho ameyafumba.

Wakatazamana. Wakampima tena mapigo. Wakalegeza gango, wakalikaza. "Sasa je?"

"Hali inazidi kuwa mbaya."

Mgeni rasmi akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya mchezo. Kikundi cha pili kikapanda jukwaani kusaidia cha kwanza. Mjomba akaanza kutetemeka mkono wa kulia. "Dalili zimebadilika!" akapiga kelele binti mmoja kwa furaha isiyofichika, na kikundi cha tatu kikapanda na machela. Wakamfunga mkono. Tatizo likahamia kifuani. Wakamwinua kifua. Likashuka tumboni. Mtu akasema ni sumu, mwingine akasema ni jua, mwingine akauliza kama kuna nyoka ukumbini, na viti vya nyuma vikaanguka. Mimi nilikuwa nimeshaziba mdomo kwa kitambaa, machozi yananitoka, mbavu zinauma.

Mkaza mjomba akapanda jukwaani kwa hatua za mwenye nyumba. Akainama, akamfinya mumewe paja kwa nguvu zake zote. Nilimwona Mjomba akimeza maumivu.

"Mguu huu umekufa ganzi," akasema kwa sauti ya mbali. "Andikeni."

"Mgonjwa, simama, unanitia aibu!"

"Mkufunzi, usimwinue majeruhi kabla hujamkagua. Umetufundisha wewe."

Mkaza mjomba akafungua mdomo, akaufunga, halafu bega lake likaanza kucheza. Alikuwa anacheka, na hakutaka ionekane, akageukia ukuta.

Mgeni rasmi akamwinamia mwenyekiti. "Huyu anapona saa ngapi?"

Mwenyekiti alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye kola. Angeweza kusema mchezo umekwisha, tuendelee. Mtu mwingine yeyote angesema. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia mgonjwa ambaye hajapona, na hakuna mwanachama hata mmoja, na yeye mwenyewe akiwemo, aliyekuwa na ubavu wa kumruka. Akapanda, akapiga magoti karibu na Mjomba, na kwa haraka yake akasahau kwamba bado ameshika kipaza sauti.

"Unataka nini wewe mzee?" akanong'ona, na ukumbi wote ukasikia.

"Unajua."

"Tulishamaliza. Ni W!"

"Basi na mimi bado naumwa."

Watu wakaanza kuulizana W ni nini. Aliyejua akamweleza asiyejua, ikatembea kutoka kiti hadi kiti, na ukumbi ukaanza kuvuma. Mwenyekiti akatazama saa, akamtazama mgeni rasmi, akanitazama mimi na kalamu yangu, akapata wazo. Uso ulimng'aa.

"Sikiliza. Nakupa. Fundi yule pale ataongeza W. Yako iandikwe KWA ALIYEHUDUMIWA. Hakuna mwingine duniani mwenye kama hiyo. Umeridhika?"

Makofi yakalipuka. Hata mimi nilipiga, nikaona mambo yameisha vizuri, nikawasha kalamu. Mjomba akafumbua macho.

"Sitaki W," akasema.

Kalamu ikawa inavuma peke yake. Nikaizima.

"Hebu fikiri, daktari. Mtu haijui kazi. Anaogopa. Mikono inamtetemeka, akimgusa mgonjwa wa kweli atamuumiza. Mimi nalala chini, namwambia jaribu kwangu. Anakosea kwangu, ananibana, ananiangusha, mpaka anajua. Hapo nani kamhudumia mwenzake? Mimi nataka nishani isiyo na W. W ni yenu."

Nilikuwa nimekuja kucheka, na nilikuwa bado nacheka, lakini kicheko kilikuwa kimeingiwa na kitu kingine.

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja muuza vitabu, safu ya tatu. "Mimi nilimfunga kichwa nikaziba na pua," akasema. "Alingoja nimalize ndipo akapiga chafya."

Ukumbi ukacheka. Akasimama dereva wa gari la wagonjwa, pande la mtu. "Nilimwangusha na machela kwenye ngazi. Akaniambia nimeanguka vizuri, rudia." Akasimama fundi cherehani, akasema alimshona kitambaa na shati pamoja. Akasimama mwalimu, akasimama mlinzi, wakawa wanapokezana, mwishoni wanasema wote kwa pamoja na hakuna anayesikika, na Mjomba pale chini anaitikia, "Naam, nakumbuka, mkono ule hadi leo hewa ikibadilika unaniambia," na vijana wanane bado wamemshika kila mmoja kiungo chake, maana hajapona.

Alibaki mwenyekiti. Alikuwa bado amepiga magoti. Kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtu machoni.

"Na wewe, daktari?" Mjomba akauliza kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Hapana. Usijibu. Nimesahau hata mimi."

"Hujasahau," akasema mwenyekiti. Kipaza sauti kilikuwa mkononi, na sasa nadhani alijua. "Nilijiunga mwezi mmoja baada ya kaka yangu kupaliwa mezani kwangu. Mbele yangu. Daktari mzima, mdomo ndio kazi yangu, nikasimama kama gogo. Somo la kwanza nikapewa wewe. Nilitakiwa nikulaze ubavu, mara moja tu. Nikakulaza mara ya pili, mara ya tatu, sikuweza kuacha. Wenzangu wakaenda zao. Nikalia juu yako kama mtoto, nikijua husikii kwa sababu umezimia."

"Nilikuwa nimezimia kweli."

"Hukuwa umezimia. Ulikuwa umefumba macho makusudi. Ulilala vile mpaka nilipomaliza, kisha ukasema Nimepona, ukainuka, ukaniuliza kama nina mwavuli." Akavuta pumzi. "Siku ile mimi ndiye niliyehudumiwa."

Hata mgeni rasmi alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika kifuani.

Mwenyekiti akasimama, akaifuta suruali vumbi, akaita kwa sauti ya sherehe, si jina la utani bali jina lake kamili, jina la kwanza na la baba yake na la babu yake, ambalo wengi walikuwa hawajawahi kulisikia. Wakageuka kutafuta ni nani huyo.

"Nimepona!" akapiga kelele Mjomba.

Nyie! Ule ukumbi ulipasuka. Filimbi, makofi, vigelegele, machela yakarushwa juu. Mjomba akainuka na gango lake mguuni, bendeji zinaburuta, na kweli mguu ulikuwa umekufa ganzi, akayumba, wakamdaka wote waliokuwa karibu na wengi waliokuwa mbali. "Niacheni!" akawafokea. "Niacheni nisimame mwenyewe!" Wakamwachia. Akasimama. Mgeni rasmi akambandika nishani, akakosea pini mara mbili kwa sababu alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mjomba akaja mezani kwangu anachechemea. Nikaichonga nyuma kwa jina lake lote, herufi za kujidai kama za babu, na safari hii nilikuwa nimepima. Mbele sikugusa. Akaisoma, akaifuta kwa shati, akaisoma tena.

Nilipoinua kichwa, mkaza mjomba alikuwa mbele yangu. Amevua nishani yake, ile yenye pau mpaka utepe hauonekani, ameiweka mezani.

"Weka W," akasema. "Na wewe usinicheke."

"Sicheki, Mama." Nilikuwa nacheka.

Babu alizibananisha herufi zile, nasi tukamwiga, kati ya I na A haipiti hata sindano. Nikaweka kialama chini, W juu yake, kama mwalimu anavyosahihisha daftari. Nyuma yake alikuwa yule muuza vitabu. Nyuma yake dereva. Nikainuka kitini kuona mstari unaishia wapi, ukawa unapita katikati ya viti na kutokea mlangoni, kila mtu na nishani yake mkononi, wanasukumana na kuchekana, wenye nishani mpya walizopewa sasa hivi nao wakitaka ziharibiwe kabla hawajazivaa. Mgeni rasmi alisahau kikao chake, akawa anawapanga mstari.

Kalamu ilishika moto, nikaipumzisha, nikaiwasha tena. Wa mwisho alikuwa mwenyekiti. Ya kwake ni ya zamani, shaba ya vitasa, imechakaa kwa kusuguliwa.

"Hii ni laini, daktari," nikamwambia. "W ikikaa hapa haifutiki tena. Nikitaka naweza kuichonga ndogo kabisa, mtu asiione."

Akaisogeza karibu na kalamu.

"Ichonge ionekane," akasema.